Cheti cha Kuonewa Wivu

Jina la nchi yetu silitaji. Si kwa woga. Kulitaja kwenye maandishi kunahitaji kibali, kibali kinatolewa na ofisi moja iliyoko mji mkuu, na ofisi hiyo hufunguliwa siku ambazo afisa wake hana msiba. Afisa huyo ana ukoo mkubwa. Kwa hiyo tuiite nchi yetu, nanyi mkidhani mnaifahamu, hilo ni lenu.

Katika nchi yetu mtu hapimwi kwa elimu wala kwa ukoo. Anapimwa kwa daraja la leseni yake ya udereva wa biashara. Mwenye daraja la tano anaruhusiwa kubeba kwa pikipiki abiria mmoja na kuku wake, na kwenye harusi anakula mwisho. Wa daraja la nne ana teksi, basi huyo hukaribishwa mkekani. Wa tatu hubeba abiria wengi, na kabla ya kupewa leseni hufanya mtihani wa kudaiwa chenji: hukalishwa kwenye kiti, akina mama watu wazima wakamdai chenji wote kwa pamoja, na akijibu amefeli. Wa pili huendesha lori. Wa kwanza huendesha tela, na huyo akipiga chafya barabarani hata wasiomjua humtakia afya. Juu ya hao wote liko Daraja la Heshima, kwa wale wasiojua kuendesha na wasiokusudia kujifunza. Baraza zima la mawaziri wanalo.

Mimi naitwa Kitwana, baba yake Mwanne. Sikuwa na daraja lolote. Nilikuwa napakia kokoto machimboni, na jirani yangu Hamduni naye alikuwa anapakia kokoto kwenye machimbo hayohayo, kwa koleo lenye mpini mzuri kuliko wangu. Nasema mapema ili tusisumbuane: mimi nina wivu. Wengine wamejaliwa sauti, wengine ndevu, mimi nimejaliwa kuona cha mwenzangu. Nyumba zetu ziko mwisho wa barabara, mbili tu, zimetazamana mlango kwa mlango, na hakuna nyumba nyingine mpaka uvuke machimbo. Kila asubuhi nikifungua, kitu cha kwanza ninachokiona duniani ni mlango wa Hamduni. Ni mlango mzuri.

Basi serikali ikatangaza kwamba kila kata itapewa tela la kusomba kokoto kwenda mji mkuu, ambako Rais anajenga barabara ya kuzunguka nyumba yake. Tela moja, leseni moja ya daraja la kwanza, dereva mmoja wa kudumu mwenye mshahara, sare, na haki ya kupiga honi mbele ya ofisi ya mkuu wa wilaya. Kata nzima ikatamani. Waliomudu ada tulikuwa wawili, mimi na yeye.

Ada zenyewe hazikuwa kubwa, kama alivyoeleza msemaji wa wizara ambaye mafunzo yake yalilipiwa na wizara. Kulikuwa na ada ya mafunzo, ada ya stakabadhi ya ada hiyo, na ada ya kusubiri, iliyopanda kadiri ulivyosubiri. Hamduni aliuza ng'ombe. Mimi sikuwa na ng'ombe, na hilo nalo liliniuma. Mke wangu Zaituni alikuwa na cherehani, na ndiyo iliyokuwa inatulisha tangu machimbo yalipoanza kutulipa kwa ahadi. Siku moja nilirudi nyumbani nikaikuta meza yake tupu, na juu ya meza ada yangu imefungwa kwenye kitambaa.

"Ukilipata hilo tela tutanunua nyingine," akasema. "Usipolipata, sijui tutakula nini."

Nikachukua fedha nikaondoka mbio, nikawahi foleni kabla Hamduni hajafika.

*

Kwanza tulipimwa macho. Daktari alitundika picha ya Rais mwisho wa ukumbi akatuuliza tunaona nini. Aliyeiona alifaulu. Kijana mmoja wa kata ya jirani alimwona na mtu aliyesimama nyuma ya Rais, akaambiwa macho yake yamezidi, akarudishwa nyumbani akayapumzishe. Hamduni alisema, "Naona tabasamu la mzazi." Jibu hilo lilikuwa kwenye ncha ya ulimi wangu, akaniwahi. Mimi nikabaki na "Namwona Rais," nikaandikiwa wastani.

Chuo cha Taifa cha Udereva Mzito kina tela moja. Limepandishwa juu ya mawe, magurudumu yake yako wizarani yakisubiri kuzinduliwa, na injini ilipelekwa makumbusho kwa sababu ndiyo injini ya kwanza ya serikali kuwaka siku iliyopangwa. Lakini serikali yetu haikosi njia. Tulifundishwa kwa mdomo. Mwanafunzi anapanda, anashika usukani, anakanyaga klachi pale ambapo klachi ingekuwepo, halafu ananguruma mwenyewe. Mwalimu wetu, Mzee Songoro, husimama chini amefumba macho akisikiliza. Ukitoka gia ya pili kwenda ya tatu bila kushusha pumzi katikati, anakata alama.

Mngemsikia Hamduni. Sijui kifua kile alikipata wapi. Akianza mlima kwa gia nzito, mbuzi waliokuwa wanakula majani uwanjani walipisha njia. Kwenye mteremko alikuwa na breki ya upepo, ile ya kupumulia pembeni mwa mdomo, mpaka Mzee Songoro akatoa leso akajifuta macho. Gari langu mimi lilikohoa. Nilikuwa na mafua, na kwenye ripoti ikaandikwa kwamba mwanafunzi huyu anaendesha gari bovu. Nilikuwa narudi nyumbani nimevimba. Zaituni akiniuliza mafunzo yakoje, namweleza Hamduni alivyokata kona, Hamduni alivyopiga honi, Hamduni alivyorudi nyuma bila kugeuka.

"Nimekuuliza wewe," husema.

Kwangu mimi sikuwa na habari ya kumpa. Nilikuwa sijajiangalia.

Tulifaulu sote. Kumfelisha mwanafunzi kuna ada yake, na hakuna aliyekuwa ameilipa.

*

Siku ya mahafali alikuja Waziri wa Usukani na Nidhamu mwenyewe, Mheshimiwa Dakta Mabruki, amevaa Daraja la Heshima kifuani kwa utepe. Tulimsubiri juani tangu asubuhi, naye akafika saa za alasiri akatushukuru kwa kuwahi.

"Ndugu wahitimu," akasema, "utafiti uliofanywa na wizara yangu, kwa gharama kubwa, umebaini kwamba ajali zote za mwaka jana zilisababishwa na watu."

Tukapiga makofi.

"Tukajiuliza, watu wa aina gani? Tukaunda kamati, kamati ikasafiri nje, ikarudi imenenepa na jibu. Ni madereva wasio na cha kupoteza. Mtu ambaye hakuna anayemtamania kitu ataogopa nini kwenye kona? Lakini dereva anayeonewa wivu anajua kuna mtu kule nyumbani anamwombea apinduke. Huyo huendesha kwa uangalifu. Kwa hiyo, kuanzia dakika hii, hakuna leseni ya daraja la kwanza bila Cheti cha Kuonewa Wivu."

Tukapiga makofi tena, kwa sababu mkuu wa chuo alikuwa amesimama pembeni akiangalia mikono ya kila mtu.

Masharti yakasomwa. Mwenye kukuonea wivu awe jirani, asiwe ndugu wa damu wala wa ndoa, na awe anauona mlango wako bila kunyoosha shingo. Wivu wake upimwe na mkaguzi. Akimwonea wivu yeyote wa nyumba yako, utaandikwa kwa jina lako wewe mwombaji. Na kata itakayofikisha mwisho wa mwezi bila mwombaji mwenye cheti, leseni yake na tela lake vitarudi wizarani kwa matumizi maalumu. Matumizi maalumu alikuwa amekaa mstari wa mbele, kijana mmoja mwenye miwani ya jua, mpwa wake Waziri, akitafuna karanga.

Niligeuka nikamtazama Hamduni, naye alikuwa ameshageuka kunitazama mimi. Hapo hapo tukaelewana. Anayeuona mlango wangu ni yeye tu na mkewe. Anayeuona wake ni mimi na mke wangu. Nikimwonea wivu, tela ni lake. Akinionea, ni langu. Mimi, mtu niliyemwonea wivu hata siku aliyougua surua kwa sababu aliletewa machungwa, nilitakiwa sasa nimtazame nisihisi kitu.

*

Mkaguzi wa Wivu aliyepangiwa kata yetu aliitwa Kapeta. Alikuja kwa pikipiki ya serikali na kiti chake mwenyewe, akakiweka katikati ya nyumba zetu mbili. Kipimo chake kilikuwa mashine ya presha ya zahanati iliyopakwa rangi ya serikali. Zahanati yetu tangu siku hiyo ikawa inapima presha kwa kumwangalia mgonjwa usoni. Unafungwa mkanda mkononi, unaelekezwa kwa jirani, naye Kapeta anasoma sindano.

Alianza na wanawake. Pili, mke wa Hamduni, alicheka mpaka mkanda ukafunguka, akaandikwa hapimiki. Zaituni alinyoosha mkono akatazama ule mlango mzuri, zile bati mpya, ule mti wa mpera. Sindano haikutikisika. Kapeta akagonga kioo cha mashine kwa ukucha, akapima upya.

"Shemeji, hakuna unachokitamani pale ng'ambo?"

"Natamani uinue hicho kiti nifagie," akasema Zaituni.

Kapeta alituambia kwamba katika kazi yake yote hakuwahi kukuta mtu wa namna hiyo, na akashauri asizungushwe sana mbele ya wananchi, anaweza kuvuruga takwimu.

Kisha ikaja zamu yangu, na Hamduni akaanza vituko. Aliazima sofa kwa wakwe zake akaliweka nje, akalilalia mchana kutwa. Akavaa miwani. Akawa anamsimulia Pili hadithi fupi fupi na Pili anacheka kwa sauti, na mimi sijawahi kumchekesha mtu bila kuanguka kwanza. Mkanda uko mkononi, sindano inanyanyuka. Nikagundua dawa. Kila nikihisi moyo unawaka, nilifumba macho nikawaza foleni ya ofisi ya kata: lile dirisha dogo, yule karani anayekula muwa, tangazo la "Rudi kesho" lililochapwa kabisa kiwandani. Hapo damu yote hupoa. Sindano ikalala.

"Sioni wivu," alisema Kapeta kwa masikitiko, akasogeza kiti kwenye kivuli cha Hamduni, ambako kulikuwa na wali.

Nami sikulala usingizi. Nilivaa tai machimboni. Nilichemsha mfupa mmoja wa ng'ombe kila mchana, mfupa uleule, ili harufu ivuke ng'ambo. Nilimwita mwanangu Mwanne kwa sauti kubwa nikamsifia alama za hesabu ambazo hakuzipata. Hamduni alifungwa mkanda akatazama yote hayo, na kila mara Kapeta alitikisa kichwa. Baadaye nilikuja kujua kwamba yeye alikuwa anawaza hotuba za bajeti.

Kapeta alikula kwangu asubuhi na kwa Hamduni mchana. Akapanuka hadi akaomba wizara kiti kingine. Watu wa machimboni walipita kututazama, na mkuu wa wilaya akaandika barua kuipongeza kata yetu kwa utulivu wa mioyo.

*

Mwezi ulipokaribia kuisha, Zaituni aliniweka chini. Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililonitisha. Alikuwa ameanza kushona kwa mkono, viraka vya watu, na ncha za vidole vyake zilikuwa zimepasuka.

"Unamwonea wivu Hamduni?" akaniuliza.

"Sana."

"Basi sema. Apate hilo tela, akuchukue uwe utingo wake. Utingo naye anakula."

"Nimbebee mawe ya kuzuia gurudumu huku yeye amekaa juu? Afadhali limwendee mpwa wa Waziri."

Alinitazama kidogo kisha akaendelea kushona. Nilijua nimesema vibaya, lakini lilikuwa kweli. Mpwa wa Waziri simwoni kila asubuhi.

Kesho yake nilimfuata Hamduni kwenye uzio.

"Jirani," nikamwambia, "tusipofanya kitu, tela linaondoka."

"Naona," akasema.

"Sasa wewe nionee wivu mimi, nitakuajiri."

"Kwa nini usinionee wewe? Mimi nina sofa."

"La kuazima."

"Ulijuaje ni la kuazima kama hukulitazama?"

Nilitaka kumpiga na nilitaka kukalia lile sofa. Mwishowe tukakubaliana jambo la haki: tuoneane wote wawili kwa pamoja, serikali ichague yenyewe. Tukaenda kwa Kapeta tumeshikana mikono. Akatusikiliza, akafungua kitabu cha kanuni, akapekua kwa muda mrefu akilamba kidole.

"Haiwezekani," akasema. "Wivu wa kupeana unahesabika kuwa ni urafiki, na urafiki hauna fomu. Huyu akimwonea yule na yule akimwonea huyu, mnafutana. Mnabaki hamna kitu, wote wawili."

"Na akianza mmoja, mwingine afuate baada ya mwezi?"

"Hapo mtakuwa mmepanga. Wivu wa kupanga ni jinai."

Hamduni akarudi kwenye sofa lake, mimi nikarudi kwenye mfupa wangu.

*

Siku ya mwisho mpwa wa Waziri alikuja mwenyewe kulipokea tela. Lilikuwa limeletwa, jekundu, jipya, likikokotwa na trekta kwa sababu hakukuwa na aliyeruhusiwa kuliendesha, likaegeshwa mbele ya nyumba zetu. Lilifunika jua. Kijana yule aliegemea gurudumu, akauliza kama linakuja na redio.

Kapeta alikuwa na kipimo cha mwisho kwa mujibu wa sheria. Alikuwa na mashine mbili safari hii. Ile ya pili, alituambia, imetoka wodi ya wazazi. Akamfunga Hamduni mkanda upande wake, akanifunga mimi upande wangu, wake zetu wamesimama milangoni.

"Bwana Hamduni," akasema kwa sauti ya ofisini, "kwa mara ya mwisho. Unamwonea wivu jirani yako Kitwana?"

Hamduni alilitazama tela, akamtazama yule kijana mwenye karanga, kisha akavua miwani.

"Namwonea," akasema.

Nilidhani nimesikia vibaya. Kapeta naye akainua kichwa.

"Sababu? Kanuni inataka sababu. Usiniambie tai."

"Si tai. Tai mbaya ile." Hamduni alikohoa. "Siku ile ya kulipa ada, nilikuwa nimekaa hapa mlangoni. Mama Mwanne akatoka na cherehani kichwani. Nzito ile, ya chuma, ya kizamani. Nikamwambia shemeji nikusaidie, akasema hapana, hii naipeleka mwenyewe. Akaenda nayo mpaka kule kwa mnunuzi, na aliporudi mikono mitupu alikuwa anatembea kama mtu aliyetoka harusini. Nikamuuliza mbona una furaha. Akanijibu, mume wangu anakwenda kuwa dereva. Mimi nimeuza ng'ombe wangu mwenyewe, Bwana Mkaguzi. Hakuna mtu aliyewahi kuuza kitu chake kwa ajili yangu, akarudi anacheka."

"Ni kweli nisingeuza," akasema Pili kutoka mlangoni, bila hasira. "Hata sindano."

Sindano ya Hamduni ilikuwa imepanda taratibu mpaka kwenye mstari mwekundu, ikatulia pale. Kapeta aliisoma mara mbili. Akatoa cheti kwenye mkoba, cheti chenye nembo, chenye nafasi ya jina langu. Mpwa wa Waziri akaacha kutafuna.

Nilipata furaha. Nasema kweli, niliipata, ikakaa kifuani muda wa kuvuta pumzi moja. Tela lilikuwa langu. Sare, mshahara, honi, cherehani ya Zaituni, vyote vilikuwa mbele yangu vimejaa mafuta. Halafu nikamtazama Hamduni. Alikuwa anamtazama Zaituni kwa heshima, kama unavyomtazama mtu uliyemtaja kwa wema. Sikumshuku kwa lolote. Nilichokiona ni kwamba yeye ana siku ile na mimi sina. Alimwona akitoka na mzigo, akamwona akirudi, akamuuliza na akajibiwa. Mimi niliikuta meza tupu, nikachukua fedha, nikakimbia kumwahi yeye kwenye foleni. Kitu kizuri kuliko vyote vilivyowahi kutokea nyumbani kwangu, kilikuwa kwake. Mlango si kitu, sofa si kitu. Hiki kilikuwa changu, na aliyekuwa nacho ni Hamduni.

Nilimwonea wivu ambao sijawahi kumwonea mtu. Nikawaza foleni ya ofisi ya kata. Nikamwaza karani, muwa, dirisha. Havikusaidia.

Kapeta alikuwa ameshaandika herufi mbili za jina langu. Akatupa jicho kwenye mashine yangu, akaweka kalamu chini.

"Bwana Kitwana."

"Ni presha tu," nikasema. "Ukoo wetu una presha."

"Sindano imegota mwisho. Unamwonea huyu?"

"Simwonei."

Mashine ikatoa mlio ambao, Kapeta alisema, haukuwemo kwenye kitabu cha maelekezo. Akanitazama kwa huruma, kama mtu ambaye amekula uji wangu mwezi mzima. Kisha akachana kile cheti vipande viwili, kwa utaratibu, kwa sababu kuchana vipande vitatu kunahitaji idhini ya mkoa.

"Wivu wa kupeana," akasema. "Mmefutana."

Mpwa wa Waziri alipangusa mikono yake, akapanda kwenye tela, akaanza kutafuta mahali pa kuwashia.

Hamduni alikaa kwenye sofa akashika kichwa. Mimi sikukaa popote. Nilitaka kumwambia Zaituni jambo lakini sikujua nianzie wapi, na yeye alikuwa ameshatoka mlangoni anakuja. Alipita mbele yangu. Alisimama mbele ya Kapeta, akakunja mkono wa gauni lake mpaka juu ya kiwiko.

"Nifunge," akasema.

"Shemeji, wewe ulipimwa. Huna kitu."

"Nifunge tena."

Akamfunga. Zaituni hakulitazama tela. Alitazama ng'ambo, pale mlangoni aliposimama Pili na khanga yake begani.

"Namwonea wivu Pili," akasema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, ile ya kuulizia bei ya chumvi. "Ana mume ambaye mtu akipita mbele yake, anamwona. Hata kama si wake. Mimi nimekaa na huyu miaka yote, anajua bati za Hamduni ngapi zina misumari mipya. Cherehani yangu nilivyoibeba, leo ndiyo kwanza anasikia, tena kwa jirani. Andika."

Pili hakucheka. Sindano ilipanda pole pole, haikuruka wala haikutetema, ikafika kwenye mstari mwekundu ikasimama. Kapeta aliiangalia kwa muda. Akasema huo ndio wivu safi kuliko wote aliowahi kuupima, hauna chuki ndani yake, na kwamba angependa, kama mwenyewe ataridhia, kuupeleka kwenye maonyesho ya wizara.

"Sasa huyu ni jirani," akaendelea, akigeuza kurasa za kanuni. "Si ndugu. Mlango anauona. Na akimwonea yeyote wa nyumba yako, utaandikwa kwa jina la mwombaji. Mwombaji wa nyumba ile ni Bwana Hamduni."

Akatoa cheti kipya. Akaandika jina la Hamduni lote, mpaka la babu yake. Yule kijana akashuka kwenye tela taratibu, akauliza ni nani atakayemrudisha mjini.

Hamduni alikuja amebeba ile miwani mkononi, hajui aiweke wapi. "Shemeji," akamwambia Zaituni, "sikukusudia hivi."

"Najua, shemeji," akasema. "Endesha vizuri."

Akafungua mkanda mwenyewe, akashusha mkono wa gauni, akaingia ndani. Alipita karibu yangu kiasi cha kunigusa, wala hakuniangalia vibaya. Hakuniangalia kabisa.

Kapeta alipiga mhuri, akapuliza wino ukauke. Kisha akatazama huku na huku. Kilikuwa kimebaki kitu kimoja. Sheria ilitaka shahidi, mtu mzima, mkazi wa kata, aliyesikia maneno ya mwenye wivu kwa masikio yake na kuyaelewa. Hamduni ndiye mwenye cheti, hafai. Pili ni mkewe, hafai. Mpwa wa Waziri si mkazi.

Akanigeuzia karatasi. Nikauliza nisaini wapi.